Fahamu: Mazoezi ya akili kwa watu wazima wenye usonji

Aghalabu usonji ukitajwa, fikra za watu huelekea kwa watoto, ilhali mtoto huyo hukua, akatafuta kazi na maskani, na ndipo uzito wa kushika mawazo mahali pamoja na kutambua makusudio ya mwenziwe unapomkabili. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, akiwamo Shaun Eack, waliitwaa tiba iliyobuniwa awali kwa wagonjwa wa skizofrenia, wakaijaribu kwa watu wazima wenye usonji.

Mazoezi hufanywa na watu wawili wawili mbele ya kompyuta: mmoja akijibu, mwenziwe humtazama na kumtia moyo, kisha hupokezana zamu, hata mashine, basi, haikuachwa iwe udhuru wa upweke. Katika kundi dogo, hujifunza kuchuja kiini cha maneno marefu na kukadiria hisia za wengine.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018, baada ya miezi 18 na watu 54, yalidhihirisha kwamba waliopata mazoezi haya waliwapita wenzao, waliofunzwa kuhimili dhiki na kuielewa hali yao, katika umakini na wepesi wa kufikiri, tena wakapata ajira kwa wingi zaidi. Lakini washiriki hawakuwa na ulemavu wa akili, hivyo si insafu kuwapimia wote kipimo hicho. Na katika kuwafahamu watu, ambako makundi yote mawili yaliendelea sana, waliofanya mazoezi walitangulia kufikia mwezi wa 9, ila mwishoni tofauti hiyo haikuonekana tena.