Kanuni mpya za mifuko ya uwekezaji Kenya: fedha zako zimeshikwa na nani?

Ni nadra siku hizi kuzungumza na jamaa aliyeko Nairobi bila kusikia habari ya mfuko wa soko la fedha. Mwalimu anao, dereva wa lori anao, na mwenye duka la nguo huangalia faida yake ya jana kwenye simu kabla hajafungua mlango wa duka. Baadhi ya mifuko hiyo humpokea mtu hata mwenye shilingi 100 za Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2023 mifuko yote ya uwekezaji wa pamoja nchini humo ilikuwa na mali ya takriban shilingi bilioni 215. Kufikia katikati ya mwaka 2025 kiasi hicho kilikaribia bilioni 600.

Habari za faida huvuka mpaka haraka, na huenda msikilizaji wetu mwenye ndugu au biashara nchini Kenya ameshashauriwa atume fedha naye awekewe. Ndiyo sababu inafaa kueleza kilichobadilika katika sheria za nchi hiyo jirani.

Mwaka 2023 Kenya iliziweka kando kanuni za mifuko ya pamoja zilizokuwa zikitumika tangu mwaka 2001, miaka sita kabla ya M-Pesa kuzaliwa. Mahali pake zimekuja kanuni za aina mbili: moja ya mifuko iliyo wazi kwa umma, nyingine ya mifuko mbadala inayokusudiwa wawekezaji wenye uzoefu na uwezo mkubwa. Msimamizi wa zote mbili ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Mfuko wa pamoja ni chungu kimoja kinachochangiwa na watu wengi. Kila mmoja hupewa sehemu kulingana na alichoweka. Dar es Salaam sehemu hizo huitwa vipande, neno ambalo kwa maoni yangu linafaa kuliko mengine yote. Meneja wa mfuko huamua fedha ziende wapi: kwenye hati fupi za hazina ya serikali, amana za benki, hatifungani au hisa. Lakini yeye hazishiki. Mali hutunzwa na benki mtunzaji, na juu ya meneja huyo yuko mdhamini, ambaye kazi yake ni kuangalia kama ahadi zilizoandikwa kwenye waraka wa mfuko zinatekelezwa. Mgawanyo huo ndio roho ya kanuni zote, za zamani na za sasa. Meneja akifilisika, mali ya mfuko si mali yake, na wanaomdai hawawezi kuigusa.

Mgawanyo huo, hata hivyo, haumkingi mtu na hasara inayotokana na uamuzi mbaya. Maduka makubwa ya Nakumatt yalipoanguka, mfuko mmoja mdogo wa soko la fedha uliokuwa umeyakopesha ulilazimika kuwazuia wateja wake kutoa fedha. Mdhamini alikuwepo na benki mtunzaji ilikuwepo. Kilichokosekana ni mkopaji wa kulipa.

Kisa cha Cytonn ni cha namna nyingine, na ndicho chenye funzo kubwa zaidi kwa anayeishi mbali na Nairobi. Kundi hilo lilikuwa na mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa. Kando yake lilikuwa na mipango miwili ya faida kubwa zaidi, iliyoelekezwa kwenye ujenzi wa nyumba, ambayo haikuwa chini ya usimamizi wa Mamlaka kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya watu binafsi. Maelfu ya watu waliweka humo zaidi ya shilingi bilioni 10. Mnamo Oktoba 2021 mipango hiyo iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na Januari 2023 Mahakama Kuu iliamuru ifilisiwe na kukabidhiwa mpokezi rasmi wa serikali. Jina lililokuwa mlangoni ni moja. Aliyeingia mlango wa kulia alikuwa na mdhamini na benki mtunzaji, na aliyeingia wa kushoto alikuwa na mkataba tu.

Hapo ndipo kanuni za mifuko mbadala zinapopata maana. Zinampa mwenye mradi wa majengo au wa kampuni changa njia halali ya kukusanya mitaji ya watu wachache wenye uwezo, akiwa na kibali na wajibu wa kutoa taarifa. Kwa hiyo anayesema mpango wake ni wa faragha hauhitaji kibali sasa ana swali zito zaidi la kujibu.

Katika mifuko ya umma nako kuna tofauti. Mifuko maalumu, ambayo kanuni mpya zinaitambua waziwazi, ina uhuru mpana wa kununua mali za aina nyingi, hata nje ya Kenya. Faida yake huweza kuwa kubwa na hasara yake vilevile. Mfuko wa soko la fedha hutegemea zaidi riba za muda mfupi, nazo hazidumu: hati za siku 91 za serikali ya Kenya zililipa zaidi ya asilimia 15 katikati ya mwaka 2024, na mwaka mmoja baadaye zilikuwa chini ya 9. Faida hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15 kwa mkazi wa Kenya. Tena, bima ya amana, inayomlipa mteja wa benki iliyofilisika hadi shilingi 500,000, haiwahusu wenye vipande.

Kwa anayeweka akiba kwa faranga kuna hesabu ya ziada, kwani shilingi ikishuka wakati wa kurudisha fedha nyumbani, sehemu ya faida humezwa na ubadilishaji. Hapa Rwanda upo mfuko wa Iterambere, ulioanza mwaka 2016 chini ya RNIT, ambao hauna hesabu hiyo.

Orodha ya mifuko na mameneja wenye leseni huchapishwa kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kenya. Katika kuisoma, tafuta jina la mfuko wenyewe unaotakiwa kuutumia fedha, kwa kuwa jina la kampuni peke yake halitoshi. Kisha angalia akaunti uliyopewa: iwe ni ya mfuko huo, wala si ya meneja au wakala.