Udongo Umelowa, Mmea Wafa kwa Kiu

Katika sehemu nyingi za Kitui na Makueni, mkulima achimbaye kisima kirefu huyapata maji kwa gharama na jasho, kisha huyaonja na kukunja uso, kwa kuwa ni ya chumvi. Akiona kwamba mifugo huyanywa, hudhani kuwa yataifaa bustani pia. Hupanda maharagwe na vitunguu, akamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya majuma machache ncha za majani hukauka, na mimea hulegea hata pale udongo ulipolowa. Majirani husema ni ugonjwa, na wengine husema ni jua kali. Kumbe mimea ile inakufa kwa kiu, hali mizizi yake imo majini.

Jambo hili lina kanuni yake, nayo huitwa osmosisi.

Bawabu wa Kila Seli

Kila mmea umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Utando huo ni mfano wa bawabu: huyapitisha maji kwa wepesi, lakini huzuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari. Chembe za maji hazitulii. Huvuka utando kwenda na kurudi. Lakini upande wenye chumvi nyingi maji hayana uhuru ule ule, na yatokayo huko ni machache kuliko yaingiayo. Kwa hiyo, mwisho wa hesabu, maji huhamia upande wenye chumvi nyingi.

Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliziba chombo chenye pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha katika maji. Maji yakaingia ndani hata kibofu kikavimba. Baadaye sana Mmarekani Peter Agre aligundua vijia vidogo ambavyo maji hupitia katika utando wa seli, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Msomaji anaweza kuyaona haya nyumbani. Na akate vipande viwili vya kiazi vilivyo sawa, kimoja akitie katika maji matamu, na cha pili katika maji yaliyokorogwa chumvi nyingi. Baada ya saa chache cha kwanza kitakuwa kigumu, na cha pili kitalegea kama ngozi mbichi, kwa sababu maji yake yametoka.

Mzizi nao ni vivyo hivyo. Kwa kawaida maji yaliyo ndani ya mzizi yana chumvi na sukari kuliko maji ya udongo, basi maji huingia, seli hujaa, na mmea husimama imara. Lakini chumvi ya udongoni ikizidi, mzizi hauwezi tena kuyavuta maji. Na ikizidi mno, udongo huyanyang'anya maji ya mzizi. Ndiyo sababu mbolea ya chumvichumvi inunuliwayo dukani, ikitiwa kwa wingi wakati mvua imekatika, huiunguza mimea.

Chumvi Haipandi Mbinguni

Hatari kubwa ni kwamba jua huchukua maji peke yake na kuiacha chumvi. Tuseme kila lita ya maji ya kisima ina gramu 2 za chumvi. Debe moja la lita 20 lina gramu 40. Mkulima amwagiliaye madebe 10 kila siku kwa siku 100 amemwaga kilo 40 za chumvi katika bustani yake. Mvua isipoiosha, utando mweupe huonekana juu ya udongo, na shamba lililorithiwa kwa baba huharibika.

Mazao hayalingani katika kuvumilia. Maharagwe, karoti na vitunguu huumia mapema. Kunde, mtama na pamba hustahimili zaidi. Kuufunika udongo kwa nyasi hupunguza maji yanayopotea juani, na samadi huusaidia udongo kupitisha maji ya mvua yanayoishusha chumvi chini.

Maji ya mabwawa ya mchanga, ambayo yamejengwa kwa mamia huko Kitui na Makueni katika mito ya msimu, kwa kawaida ni matamu kuliko ya visima virefu, kwa kuwa hujazwa upya kila mvua inyeshapo. Lakini mafundi huonya kwamba bwawa lisijengwe penye miamba ya chumvi ambayo mifugo huilamba.

Ziko pia mashine zinazoigeuza kanuni hii: huyasukuma maji ya chumvi kwa nguvu katika utando, yakatoka matamu upande wa pili. Mashine ya namna hii iendeshwayo kwa nguvu za jua iliwekwa Kiunga, Lamu, mwaka 2018. Lakini gharama si ndogo, na maji makali yanayobaki hayafai kumwagwa shambani.

Basi, kabla mkulima hajanunua mabomba na mbegu, na apeleke chupa ya maji ya kisima chake kwa afisa wa kilimo au wa maji ipimwe chumvi. Kipimo hicho ni cha gharama ndogo kuliko msimu mmoja uliopotea, na ni rahisi mno kuliko kuliponya shamba lililokwisha kushiba chumvi.