Je, Wajua? Mwanga usioonekana huua kifua kikuu hewani

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake waliivuta hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa mabomba hadi juu ya jengo, kwenye vizimba vya simbilisi. Kundi moja lilivuta hewa hiyo kama ilivyo. Wakaambukizwa mmoja baada ya mwingine. Kundi la pili lilivuta hewa ileile, ila ilipitishwa kwanza kwenye taa za urujuanimno. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa!

Mwanga huo, wa nanomita 254, huharibu DNA ya bakteria wasizaliane tena. Kwenye jua haukufikii: tabaka la ozoni huuzuia wote.

Mwanga huu huunguza macho na ngozi. Ndiyo maana taa hufungwa zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, zimulike hewa iliyo juu ya vichwa tu. Feni huipandisha hewa ya chini, ikasafishwa, ikashuka. Katika hospitali moja ya Afrika Kusini, mpango huu ulipunguza maambukizi ya simbilisi waliovuta hewa ya wodi kwa takriban asilimia 80.

Chukua mfano wa Butimba, jijini Mwanza: pana chuo cha ualimu na gereza kuu, mahali ambapo wengi hulala chumba kimoja. Upepo wa Ziwa Victoria ni dawa ya bure, na madirisha yafunguliwe kwanza. Lakini usiku, mbu wakizidi, watu huyafunga. Saa hizo ndipo taa hizi zinapohitajika zaidi.