AFYA: Nyumba Mbovu Inamuumiza Mwanao, Nenda Ukaseme

Leo sitaongelea presha wala kisukari. Naomba tuongelee nyumba unayolala hapa Marekani.

Mama mmoja, Mswahili mwenzetu, alimleta kliniki mtoto wake wa miaka miwili. Kipimo cha damu kikaonyesha madini ya risasi. Akaniambia, "Dada, labda anakula udongo kama mimi nilipokuwa na mimba yake." Nikamuuliza kuhusu nyumba. Kumbe wamepanga nyumba ya zamani, rangi inabanduka, na mtoto husimama dirishani kumsubiri baba yake atoke kwenye boksi, huku anatafuna ubao wa dirisha!

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za kuishi hapa mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo chini ya rangi mpya, na kila ukifungua dirisha vumbi linadondoka. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mara nyingi huoni dalili yoyote, kwa hiyo mpeleke akapimwe. Usikwangue rangi mwenyewe, wala usifagie vumbi lile likiwa kavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Lakini kitambaa hakitengenezi dirisha. Tangu miaka ya 1970 serikali kuu hutoa ruzuku iitwayo Community Development Block Grant kwa miji na kaunti, na ukarabati wa nyumba ni moja ya kazi zake. Angalau asilimia 70 ya pesa hizo lazima ziwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Zigawanywe vipi, hiyo ni juu ya jiji lako. Jiji linalozipokea moja kwa moja lazima liitishe mikutano ya hadhara isiyopungua miwili kwa mwaka, na litoe siku 30 za maoni kabla ya kupitisha mpango. Ukiandika barua inahesabika pia. Wakikataa maoni yako, wanatakiwa kueleza sababu ndani ya mpango wenyewe. Na huhitaji kuwa raia, hii si kura.

Nilikwenda mkutano mmoja. Waliojaa pale ni wazee wenye nyumba zao, wakaongelea mapaa yanayovuja. Haki yao kabisa. Ila sisi wengi ni wapangaji, na hakuna aliyetaja madirisha ya nyumba za kupanga. (Kwenye vikao vya harusi tunajaa mpaka viti vinaisha!)

Piga simu ofisi ya nyumba ya jiji lako, uliza tarehe, na uombe mkalimani mapema. Ukipewa nafasi, sema mtaa wako, umri wa nyumba, na mwanao amekosa shule siku ngapi kwa pumu inayoamshwa na ukungu wa ukutani. Usihutubie.

Yule mama alikwenda na karatasi ya kliniki mkononi, akasema kwa Kiswahili, mkalimani akatafsiri. Muhtasari wa maneno yake umo mwishoni mwa mpango wa jiji. Dirisha bado halijabadilishwa. Mkutano unaofuata tunakwenda wote wawili.