Anza na DVD ya Harusi

Karibu kila anayetaka kuhamishia DVD zake kwenye kompyuta huanza na filamu: za Kanumba, za Kihindi, katuni za watoto. Mimi hushauri kinyume chake. Filamu halali ya dukani, ikitunzwa ndani ya kasha lake, inaweza kungoja. Isiyoweza kungoja ni DVD ya harusi, ya send-off, au ya arobaini ya babu, ile uliyokabidhiwa na mpiga video ikiwa na picha ya maharusi juu ya jalada.

Zote mbili zinaitwa DVD, zina upana uleule wa sentimita 12 na zinaingia kwenye deki moja, ila hazikutengenezwa kwa namna moja. Ya kiwandani hugongwa: vishimo vidogo mno hupigwa kwenye plastiki yenyewe, kisha hupakwa tabaka jembamba la chuma linalorudisha mwanga wa leza. Ya mpiga video imechomwa. Ndani yake kuna tabaka la rangi ya kikemikali, na leza ya kompyuta yake iliunguza alama kwenye rangi hiyo. Na rangi hufifia. Jua huifubaza, joto huharakisha kufifia huko, na unyevu hula tabaka la chuma lililo nyuma yake. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyeweka kabati la televisheni mkabala na dirisha ana sababu ya kuharakisha kuliko mtu wa Njombe. Ikiwa DVD tupu zenyewe zilinunuliwa za bei ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya wengi, hali ni mbaya zaidi.

Halafu kuna ile stika kubwa ya karatasi yenye majina ya bwana na bibi harusi. Ikianza kujikunja, DVD huyumba inapozunguka kwa kasi na leza inapoteza njia. Hata hivyo usiibandue. DVD ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja unene wa milimita 0.6, vilivyogandishwa pamoja, na data imekaa katikati. Ukivuta stika unaweza kuvipinda au kuviachanisha. Iache, kisha soma kwa kasi ndogo.

Faida ya DVD ya harusi ni kwamba kwa kawaida haina kufuli la kidijiti, kwa hiyo kuinakili hakuhitaji ujanja wowote. Kompyuta mpakato za siku hizi hazina tena mlango wa DVD, lakini draivu ya nje inayochomekwa kwa waya wa USB inatosha. Ukifungua DVD utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, IFO na BUP. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: wanachukua VOB peke yake kwa kuwa ndiyo yenye picha. VOB haivuki gigabaiti moja. Ikijaa, inafungwa na nyingine inafunguliwa, hata kama shangazi yuko katikati ya kutoa zawadi. Mpangilio wa sura na menyu umeandikwa kwenye IFO, na BUP ni akiba ya IFO. Kwa hiyo chukua DVD nzima kama ilivyo, kwa faili moja la aina ya ISO. Programu za kazi hiyo ni nyingi na baadhi ni za bure. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Ikisomwa kwa mwendo wa kawaida wa deki huchukua karibu saa nzima. Draivu ya kompyuta, kama DVD ni nzima, hutumia dakika chache.

Tatizo ni zile ambazo si nzima. Kabla ya kukata tamaa, ifute. Tumia kitambaa laini kisicho na vumbi, na futa kwa mstari ulionyooka kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe mkono. Sababu ni hii: data imepangwa kwenye njia moja ndefu inayozunguka kutoka katikati kwenda nje, na kila fungu la kilobaiti 32 limechanganywa na hesabu za ziada zinazoiwezesha draivu kukisia baiti zilizopotea. Mkwaruzo unaokatiza njia hiyo hunyofoa kidogo hapa na kidogo pale, na hesabu huziba pengo. Mkwaruzo unaofuata njia hula mfululizo mrefu wa baiti za fungu lilelile, na hapo hesabu hushindwa. Anayefuta kwa kuzungusha anachora mikwaruzo ya aina ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Kuhusu dawa ya meno, ambayo kila mtaa una fundi wake wa kuisifia: ni msasa laini. Huweza kusawazisha mkwaruzo wa juujuu, na huacha mingine midogo. Isiwe jambo la kwanza kujaribu.

Ikigoma bado, jaribu draivu nyingine. Ni jambo la kushangaza lakini la kweli: draivu mbili husoma DVD moja kwa namna tofauti, moja ikikwama pale ambapo mwenzake anapita. Watumiaji wa Linux wana programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo mimi naiona bora kuliko zote kwa kazi hii. Haing'ang'anii mahali pabovu. Inakusanya kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, kisha inarudi kwenye vipande vilivyobaki, huku ikiandika ramani ya ilichopata na ilichokosa. Kwa ramani hiyo unaweza kuhamia draivu nyingine na kuendelea palepale ulipoishia. Sekunde chache za picha zilizokwaruzika katikati ya maakuli si hasara ya kuililia.

Nakala ya ISO ikishakaa salama, sasa fikiria ukubwa. Kama una diski ya nje ya terabaiti moja, ziache zilivyo, maana diski hiyo inabeba takriban DVD 200 zilizojaa. Ukitaka ya kutuma kwa ndugu wa Muscat au London, tumia HandBrake, nayo ya bure, kubana video kwa H.264. DVD hutumia MPEG-2, mfumo wa miaka ya 1990 unaokula nafasi, hivyo faili linaweza kupungua kwa zaidi ya nusu bila jicho kugundua. Mambo mawili yaangalie. Kwanza, usikuze picha. DVD zetu zina vitone 720 kwa 576 na kukuza hakuleti sura ambayo kamera haikuiona. Pili, kamera nyingi za enzi zile zilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya witiri kisha ya shufwa. Kwenye kompyuta, bibi harusi akigeuka haraka, ukingo wa shela lake huonekana kama meno ya kitana. HandBrake ina kichujio cha kuondoa hali hiyo, kiwashe.

Sasa filamu za dukani. Nyingi za Hollywood zina kufuli liitwalo CSS, pamoja na namba ya kanda: Marekani ni 1, Ulaya na Oman ni 2, Afrika Mashariki ni 5. Draivu ya kompyuta hukuruhusu kubadili kanda mara 5, kisha inabaki hapo moja kwa moja. Kufuli lenyewe lilivunjwa mwaka 1999 na programu ya DeCSS, na kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishtakiwa kwa ajili yake. Mahakama za Norway zilimwachia mara mbili mwaka 2003, zikiona kwamba mtu ana haki ya kuifikia filamu aliyoinunua. Marekani ilikwenda njia nyingine: mwaka 2009 mahakama ilizuia programu ya kampuni ya RealNetworks iliyonakili DVD kwenye kompyuta ya mwenye nazo. Uingereza iliruhusu nakala binafsi Oktoba 2014, na Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015.

Kwetu, sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inayatambua matumizi binafsi, na ile ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga za kiufundi. Kunakili ni jambo moja, kuvunja kufuli ni jingine, na kumjazia jirani flashi kwa malipo ni la tatu, ambalo halina utetezi popote. DVD zako ambazo hazina kufuli zihamishe kwa matumizi yako, na zile za asili zibaki kabatini, mbali na dirisha. Ukiuza au kugawa DVD huku umebakiza nakala, huwezi tena kusema nakala hiyo ni ya kitu chako.