Safari ya vuli: Njia ya Naivasha huanzia Kawangware na Kibera

KUNA barabara inayopita katikati ya Kawangware, baina ya marundo ya mitumba, vibanda vya viazi na mahindi ya kuchoma, na matatu za nambari 46 zinazosukumana kutafuta abiria. Jina lake ni Naivasha Road. Wengi wanaoikanyaga kila alfajiri wakienda kazini hawajapata kujiuliza ni kwa nini barabara ya mtaani mwao iliitwa kwa jina la mji ulio mbali hivyo, chini katika Bonde la Ufa.

Jina hilo ni ukumbusho kwamba eneo la Dagoretti limekuwa mlango wa kushukia bondeni tangu zamani. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilitua huku kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuingia nyika za Wamaasai. Mnamo Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi Dagoretti na kula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Urafiki haukudumu. Waiyaki alikamatwa na Waingereza na kufia Kibwezi mwaka wa 1892, na leo msafiri anayetoka Kawangware kupitia Uthiru hujiunga na barabara kuu inayobeba jina lake.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu msimu wa kutembea umewadia, na kila mwaka Wanairobi wenye magari huelekea Naivasha huku madirisha wakiwa wameyafunga wanapopita mitaa hii.

Huko Ulaya na Marekani, miezi ya Septemba hadi Novemba ndiyo wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika. Watu hufunga safari za siku mbili tatu wakitazama misitu, wakionja mvinyo na kuhudhuria matamasha ya vijijini. Sisi katika lugha yetu tuna neno vuli, lakini maana yake ni mvua fupi. Majani hayapukutiki. Badala yake jakaranda, mti ulioletwa kutoka Amerika Kusini, hutandaza maua ya zambarau kando ya barabara za Nairobi. Tuna pia sikukuu mbili ndani ya mwezi mmoja: Oktoba 10, iliyoanza kama Moi Day na ambayo sasa ni Mazingira Day, na Oktoba 20, ambayo ilikuwa Kenyatta Day hadi Katiba ya 2010 ilipoifanya Mashujaa Day.

Ikiwa Kawangware ina barabara ya Naivasha, Kibera ina reli yake. Njia ya treni inayokata mtaa huo ndiyo inayoelekea Dagoretti, Kikuyu na Limuru, kisha kuteremka ukingo wa bonde. Uzito wa reli hiyo ulionekana Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipoing'oa na kukata usafirishaji wa mizigo kuelekea magharibi ya nchi na Uganda.

Mwaka mmoja baadaye, reli iyo hiyo iligeuka ukumbi wa sanaa. Mpiga picha Mfaransa anayejulikana kama JR alifunika takriban mita 2,000 za mraba za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa mtaa huo. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati ya mteremko ulio kando ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta chache jicho na mdomo vilikutana, uso ukakamilika, kisha ukavunjika tena. Picha hizo zilichapishwa kwenye turubai lisilopenya maji, hivyo mvua iliponyesha wenye nyumba walipata paa lisilovuja. Sijui maonyesho mengi ya sanaa yanayoweza kujisifu kwa hilo.

Wenyeji hawakumngoja mgeni ili wachore. Kundi la Maasai Mbili lilianzishwa Kibera mwaka wa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa waandishi wa mabango ya maduka. Walizunguka mtaani wamevalia shuka za Kimaasai, watoto wakawapachika jina nao wakalikubali. Wakati wa ghasia za 2008, mchoraji Solomon Muyundo, almaarufu Solo 7, alipita akiandika kwa rangi maneno ya kuhimiza amani kwenye kuta, milango na vibanda. Tangu 2011 kumekuwa pia na tamasha la filamu za mitaa ya mabanda, Slum Film Festival, lililoonyesha kazi zake Kibera na Mathare, hadharani na bila tiketi za bei ya mjini.

Hapa ndipo penye mzozo unaostahili kuelezwa bila kuficha. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakilipa ili watembezwe Kibera watazame umaskini. Kennedy Odede, aliyelelewa huko na kuanzisha shirika la SHOFCO mwaka wa 2004, aliandika katika gazeti la New York Times mwaka wa 2010 kwamba alikuwa na umri wa miaka 16 alipoona ziara ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa nje ya nyumba yao akiosha vyombo, na mwanamke mgeni akampiga picha. Hoja yake ilikuwa kwamba mgeni huondoka na picha, naye mwenyeji hupoteza sehemu ya utu wake.

Sisi wa magazeti hatuna mikono safi. Nimehariri habari nyingi zilizodai kwamba Kibera ina wakazi milioni moja, na kalamu yangu ikapita juu ya tarakimu hiyo bila kusita. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Ipo hoja kwamba sensa nayo ilikosa wengi, lakini tofauti hiyo si ndogo, na idadi iliyovimba iliwafaa watu wengi kuliko wakazi wenyewe.

Kwa maoni yangu, ziara ya Kibera ina heshima pale mgeni anapokwenda kwa fundi fulani, kwa kazi fulani, akiwa na pesa ya kununua. Anayetaka mchoro na aende kwa mchoraji. Kamera ibaki mfukoni mpaka ruhusa itolewe.

Kuhusu vinywaji, mitaa hii ina historia ndefu kuliko mashamba yoyote ya mizabibu nchini. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, na jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Serikali ya kikoloni haikuwapa hati za ardhi. Wanawake wao waliishi kwa kutengeneza pombe kali iliyoitwa Nubian Gin, ambayo ndiyo chang'aa ya leo. Kosa la kuipika lilidumu hadi 2010, sheria mpya ya vileo ilipoiruhusu kwa masharti ya leseni, viwango na chupa zilizofungwa, masharti ambayo wapishi wengi wa mitaani hawana uwezo wa kuyatimiza. Hati ya ardhi ya ekari 288 iliwafikia Wanubi mwaka wa 2017.

Upande wa Dagoretti, kinywaji cha heshima ni muratina. Tunda la mwegea hukaushwa kisha hutiwa katika maji ya asali au ya miwa ili kuchachusha. Bado hunywewa na wazee katika shughuli za mahari.

Mvinyo wa zabibu hasa unapatikana mbele ya safari. Naivasha, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, imekuwa na mizabibu iliyotoa mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kichaka chenye majani ya kijivu kinachoota bondeni humo. Mzabibu wa nchi za baridi hulala wakati wa kipupwe. Wa kwetu hauna kipupwe, hivyo mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kuupogoa. Kule Dodoma, Tanzania, utaratibu huo huleta mavuno mara mbili kwa mwaka. Anayekusudia kutembelea shamba lolote apige simu kwanza, kwani si desturi yetu kufungulia geti mgeni asiyetarajiwa.

Njia yenyewe inatosha kuwa tamasha. Karibu na Limuru barabara hugawanyika Rironi. Ile ya chini huteremka hadi Mai Mahiu, Mlima Longonot ukijitokeza mbele na kilele chake cha mita 2,776, na kando yake wachuuzi wa kofia na ngozi za kondoo. Wafungwa wa kivita wa Kiitaliano walioshiriki kuijenga waliacha kanisa dogo mno chini ya mteremko, walilolimaliza mwaka wa 1942. Ni vyema kusimama hapo, hata kwa asiyesali.

Lakini vuli ni mvua, na mteremko huo hauna mzaha. Ukungu wa Limuru huficha malori hadi yawe mbele ya uso. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, katika mvua za masika, maji yaliyokuwa yamezuiwa chini ya tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe yalilibomoa na kuua makumi ya watu katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Katika mbuga ya Hell's Gate, ambako wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na baiskeli, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu korongoni mwaka wa 2012 na tena Septemba 2019. Mvua inaweza kuwa inanyesha milimani huku jua likiwaka juu ya kichwa cha mgeni. Mwongozaji akisema korongo halipitiki leo, asibishiwe.

Wasio na gari wasikate tamaa. Matatu za Naivasha huondoka katikati ya jiji, na tangu Oktoba 2019 kuna reli mpya inayofika Mai Mahiu na Suswa. Mkazi wa Kawangware anaweza pia kungoja Uthiru, kando ya Waiyaki Way, iwapo gari lina nafasi. Aondoke mapema. Jioni za Jumapili foleni ya kurudi huanzia mbali, na mvua ya vuli huipenda saa hiyo.