Mbwa Ugenini: Vipigo Vikali Zaidi Kutoka Porini

Mbwa wetu wa kienyeji ana moyo wa bingwa na matokeo ya timu inayoshuka daraja. Nyumbani hafungiki: muuza maji, fundi umeme, paka wa jirani, wote wanamwogopa. Akishavuka ua usiku na kuingia kichakani, hesabu inageuka. Hawa hapa ni wapinzani wanaomtoa nduru, na kila mmoja ana taji lake.

1. Mwiba mrefu kuliko yote: nungunungu wa Afrika

Tuanze na mfalme. Katika jamii nzima ya panya barani Afrika hakuna mzito kama huyu: nungunungu aliyeshiba hufika kilo 27. Duniani anashika nafasi ya tatu, nyuma ya kapibara wa Amerika Kusini na biva wa nchi za baridi. Mbwa anayemfukuza mara nyingi hafiki hata kilo 20. Kwa hiyo kabla ya filimbi ya kwanza, mbwa tayari yuko nyuma kwa uzani.

Kisha kuna silaha. Miiba ya mgongoni hufika sentimita 35. Chukua rula ya mwanafunzi ya sentimita 30, iweke kando yake: mwiba unaipita kwa upana wa vidole vitatu. Na rula haina ncha.

Ufundi wake ndio unaonifurahisha zaidi. Kwanza hutoa onyo la haki kabisa. Hukita miguu chini, hukoroma, hutikisa mkia wenye miiba mifupi iliyo tupu ndani, nayo hulia kama kayamba. Mnyama mwenye akili angerudi kulala. Mbwa huongeza mwendo. Nungunungu naye hukimbia, miiba imelala, mbwa yuko hatua moja nyuma na anaona ushindi huu hapa. Ghafla nungunungu anafunga breki, anasimamisha miiba yote na kurudi kinyumenyume kwa nguvu. Mbwa anajitundika mwenyewe: pua, midomo, kifua, wakati mwingine jicho. Zile habari za kwamba nungunungu hufyatua miiba kama mishale ni uzushi mtupu. Hana haja ya kufyatua chochote, maana miiba imeshikwa kilegevu ngozini, ikigusa tu nyama ya mwingine inahama.

Kabla hujamcheka mbwa, msikilize simba. Mwaka 1965, eneo la Darajani nchini Kenya, aliuawa simba mla watu, na puani mwake ulikutwa mwiba wa nungunungu uliozama kwa zaidi ya sentimita 20. Watafiti wa jumba la makumbusho la Field Museum la Chicago walipokusanya visa vya namna hiyo mwaka 2019, waliona kwamba simba wanaojaribu bahati yao kwa nungunungu ni hasa madume vijana, na hasa nyakati za ukame, mawindo yanapoadimika. Simba walau ana kisingizio cha njaa. Mbwa huwa ametoka kula ugali.

2. Mwiba king'ang'anizi kuliko yote: nungunungu wa Amerika Kaskazini

Binamu huyu wa Marekani na Kanada ni mdogo, na miiba yake ni mifupi, mingi haifiki urefu wa kidole. Lakini anayo kama 30,000! Gawa mmoja mmoja kwa kila shabiki katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, uliojengwa kwa watu 30,000, na hakuna atakayetoka mikono mitupu. Mwaka 2012, huko Oklahoma, iliripotiwa kwamba buldogi mmoja alitolewa miiba ipatayo 500, mingi ikiwa usoni na mdomoni. Nungunungu alikuwa ametumia chini ya asilimia 2 ya akiba yake.

Siri iko kwenye ncha. Katika milimita 4 za mwisho za kila mwiba kuna vimiba vidogo 700 hadi 800 vinavyoelekea nyuma kama ulimi wa ndoana. Mwaka huohuo wa 2012, mtafiti Jeffrey Karp na wenzake walipima: mwiba wenye vimiba huingia kwa takriban nusu ya nguvu inayohitajika kwa usio navyo, kisha hudai nguvu mara nne hivi ili utoke. Nungunungu wetu hana vimiba hivyo. Tunamshinda kwa urefu, anatushinda kwa ung'ang'anizi. Sare.

Cha ajabu, miiba hiyo imepakwa mafuta yanayozuia bakteria, jambo lililogunduliwa na mwanabiolojia Uldis Roze. Si kwa huruma kwa mbwa. Nungunungu wa kule hupanda miti, huanguka, na hujichoma mwenyewe.

Kuhusu matibabu, watu huamini kwamba ukiukata mwiba kwa mkasi utatoa hewa na kulegea. Haulegei. Unapasuka, na kipande kinachobaki husafiri ndani ya nyama, na kimewahi kufika hata kwenye mapafu ya mbwa. Daktari wa mifugo humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, huushika mwiba kwa koleo karibu kabisa na ngozi, na kuuvuta wima kufuata njia uliyoingilia. Kisha hukagua chini ya ulimi, kaakaa, na kati ya vidole vya miguu ya mbele, kwa kuwa mbwa alitumia miguu hiyo kujipangusa uso. Mbwa huamka, hupona, na wapo wanaorudi kwa nungunungu kudai marudiano.

3. Ngozi sugu kuliko zote: nyegere

Kilo 9 hadi 14 tu, lakini shingoni ana ngozi ya milimita 6 hivi, karibu unene wa penseli. Tena imelegea kama koti la kuazima. Mbwa akimbana shingoni, mahali ambapo wanyama wengine husalimu amri, nyegere hugeuka ndani ya ngozi yake mwenyewe na kumng'ata mbwa usoni. Kitabu cha Guinness kimewahi kumtaja kuwa mnyama asiye na woga kuliko wote duniani. Akizidiwa, anazo tezi chini ya mkia zinazotoa uvundo wa kumaliza mjadala.

4. Mate mengi kuliko yote: swila wa Ashe

Taji hili liko Pwani ya Kenya, na Watamu wana haki ya kujivuna. Swila huyu alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya pekee mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken, hukohuko Watamu. Ndiye mkubwa kuliko swila wote wanaotema mate duniani, na anaweza kufika mita 2.7. Mtungike kwenye mwamba wa goli la mpira, wenye kimo cha mita 2.44, na mkia wake utagusa nyasi kwa sentimita 26 zaidi.

Mwaka 2004, hapo Bio-Ken, mmoja alikamuliwa mililita 7.1 za sumu kwa mkupuo mmoja! Hiyo ni karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Mbwa hubweka akiwa uso kwa uso na nyoka, macho kodo, na swila hulenga macho hayohayo akiwa mita mbili au zaidi. Maji safi mengi, papo hapo, ndiyo huduma ya kwanza. Ukichelewa, mbwa anaweza kupofuka.

5. Mlango hatari kuliko yote: shimo la ngiri

Ngiri hukimbia hadi kilomita 48 kwa saa. Ongeza 3 tu na trafiki wa mjini Tanzania angempiga tochi. Lakini mbio si hoja. Hoja ni pale anapofika shimoni: huingia kinyumenyume, pembe zake za mdomoni zikibaki mlangoni. Mbwa anayechomeka kichwa kumfuata anapokelewa na mwenyeji.

6. Jeshi kubwa kuliko yote: siafu

Kundi moja la siafu linaweza kuwa na askari na vibarua hadi milioni 20. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Yaani kundi moja, chini ya mti mmoja, linazidi Dar nzima zaidi ya mara tatu, na vibarua wake ni vipofu! Mbwa aliye huru huondoka. Aliyefungwa mnyororo hana pa kwenda, ndiyo maana siafu wakiingia uani jambo la kwanza ni kumfungua mbwa, kabla hata ya kuwatoa kuku.

7. Mla mbwa namba moja: chui wa Mumbai

Chui hupenda nyama ya mbwa kila mahali, lakini wa Mumbai wamevunja rekodi. Hifadhi ya Sanjay Gandhi, katikati ya jiji hilo la India, ina kilomita za mraba 104, chini ya sehemu ya kumi ya Mkoa wa Dar es Salaam, na sensa ya 2015 ilihesabu chui wapatao 35 ndani na kando yake. Utafiti wa 2018 ulikadiria kuwa mbwa ni kama asilimia 40 ya chakula chao: mbwa 1,500 kwa mwaka, wanne kila usiku.

Watafiti haohao wakapiga hesabu ya upande wa pili. Mbwa hao wangebaki hai, wangeng'ata watu wapatao 1,000 zaidi kila mwaka. Na kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa meno ya mbwa. Ni sawa na kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa hadi vikabaki viti 1,000 tu.

8. Ushindi mkubwa kuliko wote wa mbwa: Serengeti, 1994

Ndiyo, yupo aliyelipiza, tena bila kumng'ata mtu wala mnyama. Virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa wa kufugwa, vilivuka kutoka vijiji vya jirani na kuingia Serengeti. Simba walianza kutetemeka, kuanguka kifafa, kufa. Ukame ulikuwa umedhoofisha nyati, kupe wakajaa, na vimelea vya babesia vinavyoenezwa na kupe hao vikafanya kazi ya pili baada ya virusi. Wakafa simba wapatao 1,000, theluthi ya wote. Tangu hapo, kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi zimekuwa sehemu ya kazi ya kulinda wanyamapori.

Lakini matokeo yabaki kwenye kumbukumbu: theluthi nzima ya Simba, ndani ya msimu mmoja. Yanga wenyewe hawajawahi!